Barua kwa mwanangu: habari ya yule nzi

Kibaigwa, Jumapili jioni

Mwanangu,

Sisi huku wazima. Malori ya mahindi yanapiga honi usiku kucha kama ulivyoyaacha, na dada yako kajifungua salama, hilo najua limeshakufikia.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama uache chuo hapo Munich, ukajifunze filamu mwenyewe kazini, kwa kuwa huyo Werner Herzog, mwongozaji filamu wa Kijerumani, hakufundishwa filamu na mtu yeyote na leo anaheshimiwa dunia nzima. Ukanitumia na ile filamu yake ya madaktari wa ndege wa huku kwetu, na chini yake ukaandika kisa anachopenda kukisimulia, kisa cha nzi. Mwanangu, ungenitumia nyingine yoyote. Swali lako nitalijibu, lakini nzi kwanza.

Kama ulivyokiandika wewe: mwishoni mwa miaka ya 1960 Herzog alikuja Kenya na Tanzania kupiga filamu ya dakika 45 hivi juu ya madaktari wanaozunguka vijijini kwa ndege ndogo. Wanakijiji wakaonyeshwa bango la nzi, nzi mkubwa amejaa karatasi, wajue kwamba nzi huleta magonjwa. Wakajibu, hilo haliwahusu, nzi wao si wakubwa hivyo. Herzog akaona ajabu, naye akawajaribu kwa mabango: mtu, nyumba, jicho. Akauliza jicho ni lipi, wengi wakashindwa. Akaondoka na fundisho kwamba watu hawa wanaziona picha kwa namna nyingine, na kwamba sote tunajua kidogo mno jinsi binadamu anavyoona.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka dada yako akaja kuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikanikauka, kwa sababu nzi huyo namjua.

Hadithi hii wewe unayo nusu, ile nusu aliyokuwa akiisimulia marehemu baba yako kwenye kila sherehe mpaka mjomba wako akawa anatoka nje. Mwaka 1986, mimi nesi mpya kutoka Muheza, miaka 23, nimepangiwa Kongwa, Kigogo sijui hata salamu. Nimepewa baiskeli, sabuni na bango la ugonjwa wa vikope: nzi mmoja mkubwa, na pembeni jicho la mtoto lenye tongo. Nikalitundika kwenye mbuyu. Baba yako alikuwa karani wa bohari la ushirika, akaombwa anitafsirie.

Nilizungumza nusu saa. Nzi anatua hapa, anabeba uchafu, anatua pale, mnawe uso asubuhi na jioni. Bibi yake baba yako, yule wa kwenye picha ya sebuleni aliyejifunga kaniki, alikuwa amekaa mbele anamenya karanga. Akainuka, akaja mpaka kwenye bango, akapitisha dole gumba polepole juu ya mguu wa nzi. Akasema jambo refu kwa Kigogo. Watu kimya. Baba yako akanigeukia, uso mkavu: "Anasema pole sana kama nzi wa kwenu Tanga ni wakubwa namna hii. Wa kwetu wadogo, hawana shida."

Nikamhurumia. Usiku ule nikakaa na koroboi nikaandika ripoti kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: wananchi hawana uwezo wa kutambua picha iliyokuzwa. Alhamisi gari la wilaya likaichukua.

Ijumaa jioni nilikuwa napita nyuma ya nyumba yao nikasikia kicheko, kicheko cha watu wanaojishika mbavu. Nikachungulia. Bibi kasimama katikati ya uwanja, kaning'iniza ungo kwenye mti, anaupiga kwa fimbo na kusema "ndugu wananchiii" kwa sauti ya puani, ya Kitanga, ya kwangu! Watoto wanagaragara chini. Waliponiona hakuna aliyeshtuka. Bibi akanikabidhi fimbo, kana kwamba zamu yangu imefika.

Ndipo baba yako aliponiambia alichokuwa hajanitafsiria. Bibi alikuwa ameendelea: mwulizeni huyu binti, picha ya nzi ameleta, picha ya maji iko wapi? Nilimuuliza baba yako kwa nini alinificha. Akasema alinionea huruma. Hapo ndipo mapenzi yetu yalipoanzia, na mpaka leo sijui kama ni mahali pazuri pa kuanzia.

Asubuhi yake bibi akanipa debe. Tukaenda wote kwenye kisima cha mchangani, huko korongoni, saa mbili kwenda tu. Unachimba, unasubiri maji yajikusanye, unateka kwa kata, kata moja, unasubiri tena. Niliporudi na debe kichwani nusu yake ilikuwa imeniishia mgongoni. Ya bibi ilifika imejaa, na juu kaweka majani maji yasimwagike. Akamimina kidogo kwenye kiganja changu, akasema kwa Kiswahili, kumbe alikuwa anakijua vizuri tu: "Haya, nawa uso."

Hapo ndipo baba yako alipokuwa akikomea, watu wanacheka, pilau linapakuliwa.

Mambo mawili alikuwa hayasemi. La kwanza, nilipomkagua bibi macho wiki ile, kope zilikuwa zimegeukia ndani, jicho la kushoto limeshaingia ukungu. Kila baada ya siku chache alikuwa anazing'oa mwenyewe kwa kibanio, amekaa kwenye kizingiti akielekea jua. Vikope alivijua kuliko mimi na wizara yote. Dole gumba alilipitisha kwenye mguu wa nzi kwa sababu kwa macho hakuweza kuuona sawasawa.

La pili ni ile ripoti. Sikuirudisha. Ilisomwa kwenye semina mjini, ukumbi mzima ukacheka mpaka machozi, hasa pale pa "nzi wa kwenu". Mkubwa mmoja akanipigia makofi, na mwaka uliofuata nikapata nafasi ya kwenda kusomea ukunga. Ukunga huo ndio uliokupeleka shule, mwanangu. Ningeweza kusimama pale ukumbini nikasema jamani, yule bibi alikuwa ananitania. Maneno matano tu. Nikakaa. Nilikula na soda.

Kwa hiyo unaponiandikia kwamba Herzog alijaribu watu kwa mabango, mimi siwezi kusema wale wake nao walikuwa wanatania. Sikuwepo. Labda kweli mtu ambaye hajawahi kuona picha huona madoa tu. Kwenye filamu nimewaona Wamaasai wakisita kupanda vile vidaraja vya gari la matibabu, na hapo sikuona utani, niliona watu wanafikiri. Lakini najiuliza, aliyetafsiri alikuwa nani, na aliacha nini? Najua unaona nimeanza tena na wimbo wangu, nao nautwaa tena: anayetazamwa naye anakutazama. Nilikuambia hivyo ulipoanza kupiga watu picha kwa simu sokoni ukiwa kidato cha pili, ukanicheka.

Sasa, ili usiseme namwonea, hayo mengine uliyonitumia nimeyasoma yote. Katika maisha yake mimi nilimwona mama yake kwanza. Mtoto kazaliwa Munich Septemba 1942, bomu likaangukia nyumba ya jirani, mama akabeba watoto kukimbilia Sachrang, kijiji cha milimani karibu na mpaka wa Austria, hakuna maji ya bomba, hakuna simu. Filamu ya kwanza kaiona ana miaka 11, simu kaipiga ana 17. Huyo nikamwelewa. Usiku alichomelea vyuma kiwandani ili apate fedha za filamu, na hapo pia sina neno. Kamera aliiba, hapo hapo Munich ulipo, na anasema haukuwa wizi bali ni haki yake kwa sababu alihitaji chombo cha kazi. Baba yako, aliyehesabu magunia ya bohari mara mbili kila jioni, angekufa tena. Lakini tuwe wakweli, kwenye nyumba yetu kuna habari ya redio ya mjomba wako, na wote tuliisikiliza.

Meli ya kwenye filamu yake ya Fitzcarraldo ndiyo iliyonisumbua. Tani 320, Peru, inavutwa kuvuka mlima mzima mzima, wakati yule tajiri wa kweli aliyeigizwa, mfanyabiashara wa utomvu wa mpira, alivusha meli ndogo zaidi, tena vipande vipande. Mhandisi akasema hatari ni kubwa, akaondoka. Herzog akaendelea, ikapanda, na 1982 tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, likampa tuzo ya mwongozaji bora. Nimeitazama ikipanda, mwanangu, na roho ilinipaa, siwezi kukuficha. Halafu nikatazama wanaozungusha zile kapi kwenye tope. Klaus Kinski, mwigizaji mkuu, tunamjua kwa jina na kwa matusi. Wale wa kwenye tope?

Na bado siwezi kumfunga huyu mtu. Novemba 1974 akasikia Lotte Eisner, yule mama aliyewasaidia vijana wa filamu wa Ujerumani, anaumwa Paris, karibu na kufa. Akachukua koti na begi, akatoka Munich kwa miguu, wiki tatu kwenye baridi, akiamini kwamba akifika kwa miguu mama hatakufa. Na hakufa, mpaka 1983. Mtu wa sayansi ndani yangu anasema ni bahati. Aliyechota maji na bibi korongoni anasema kuna jambo mwili unajua ukitembea. Mtu huyu walau hulipa kwa mwili wake. Aliahidi kula kiatu chake siku Errol Morris, mtengeneza filamu wa Marekani, akimaliza filamu yake. Morris akamaliza, naye akakichemsha na vitunguu saumu akakila mbele ya watu. Soli akaiacha, akasema hata kuku watu huacha mifupa. Nilicheka sana hapo.

Kisha nikafika pale anaposema kwamba kwenye filamu za matukio ya kweli huwa anatunga, ili afikie ukweli wa ndani zaidi. Ile ya visima vya mafuta vilivyowaka Kuwait, ya 1992, inaanza na maneno yanayotajwa kuwa ya Pascal, mwanafalsafa wa zamani wa Ufaransa, kumbe maneno hayo kayaandika Herzog mwenyewe. Nikakasirika, nikaweka simu chini, nikaenda kuchambua maharage. Nikiwa katikati ya maharage nikakumbuka kwamba mimi pia niliandika. Yeye kasema hadharani alichotunga. Mimi nimekaa nayo tangu 1986, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Tena yeye kutoka kwa wale watu na mabango yao aliondoka akisema sisi ndio hatujui. Mimi niliondoka nikisema wao ndio hawajui. Sasa nani ana kesi hapo? Sijamaliza kufikiri. Usiku naamka naona ni yeye, alfajiri naona ni mimi.

Kuhusu chuo. Nina maoni, na unajua ninavyoteseka kuyameza. Nayameza. Wewe ni mtu mzima, baridi ya huko inakupiga wewe. Nitasema tu kwamba kamera ya chuo wanakuazima bila kuiba, na kwamba umeniandikia kurasa mbili juu ya Herzog na hukuandika mstari mmoja juu ya filamu yako. Ile ya wauza mahindi wa hapa sokoni imeishia wapi? Mzee wa mizani anauliza kila akiniona. Anasema ulimpiga picha siku nzima na hajaonyeshwa hata kipande.

Basi, nimeshasema zaidi ya nilivyokusudia.

Bango la nzi ninalo. Nililitoa kwenye mbuyu siku ile na sikulirudisha bohari, kwa hiyo hesabu na hilo kwenye wizi wa familia. Liko chini ya godoro. Rafiki yako anayesafiri Desemba nitampa akuletee. Pembe moja imechanika, rangi ya jicho imefifia, lakini kwenye mguu wa nyuma wa nzi, wa kushoto, kuna doa la mafuta ya karanga, la dole gumba. Mwambie asilikunje.

Mama yako