Re: Diski ya zamani haionekani kwenye kompyuta mpya

Mkuu, salama. Kama nimekuelewa, diski uliyoitoa kwenye kompyuta ya zamani inazunguka na unaisikia, lakini Windows ya kompyuta mpya haiionyeshi, na ndani kuna picha usizotaka kuzipoteza.

Kwanza ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijawaka) uone kama jina la diski lipo. Halipo? Badilisha waya wa data, kisha uhamishie tundu jingine la SATA (pale waya huo unapochomekwa kwenye bodi kuu). Hilo la tundu usilidharau: kwenye mazabodi (bodi kuu) nyingi ukichomeka diski ya M.2 (ile ndogo bapa inayokaa kwenye bodi yenyewe), tundu moja au mawili ya SATA huzimika yenyewe. Mimi huanzia hapo, na mara nyingi huishia hapo hapo.

Ikiwa BIOS inaiona, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management. Huenda ukaikuta ipo ila haina herufi (kama D: au E:). Ipe yoyote iliyo wazi, faili zitatokea. Likija dirisha lenye neno Initialize au Format, lifunge; hayo ni ya kuandaa diski upya, na picha zinaweza kupotea. Usikubali hata kwa kujaribu.

Hujasema kama kwenye kompyuta ya zamani diski hiyo ilikuwa na BitLocker (kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo). Kama ilikuwa nayo, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Angalia kwenye akaunti yako ya Microsoft. Folda ikikataa kufunguka kwa sababu ya ruhusa, ingia kama msimamizi, bonyeza Continue, usubiri (zikiwa faili nyingi inachosha).

Kuifomati itumike upya ni baadaye, ukishanakili picha zote na kuzifungua chache kuhakikisha.