Papi aliyerudi na hofu kutoka kwa mkufunzi: maswali na majibu

Barua nyingi zilizonifikia kutoka Nakuru, Kisumu na Kakamega zinaelekea jambo moja: watoto wa mbwa waliopelekwa kwa wakufunzi wakiwa wachangamfu, wakarudi wamefyata mkia. Nimezifupisha kidogo na kuzijibu kwa zamu.

Daktari, papi wetu ni German Shepherd wa miezi minne na nusu. Tulimpeleka kwa mkufunzi mwezi mzima ili apate adabu. Amerudi amekonda, anashinda chini ya gari, na mume wangu akishika tu kamba anajikojolea. Mtu aliyepita huko anasema mbwa huvutwa juu kwa mnyororo wa shingoni hadi wakose pumzi. Tuanzie wapi? (Mama, Lanet)

Pole sana, mama. Barua yako imeniuma. Huyu bado ni mtoto, na alipigwa katika umri ambao anajifunza dunia ni mahali pa namna gani.

Anza na mwili wake. Mnyororo wa kukaba huumiza koo na misuli ya shingo, na mbwa mwenye maumivu huogopa kuguswa hata na mtu anayempenda. Mtazame: je, anakohoa akinywa maji? Anakataa kuinamisha kichwa kwenye bakuli? Analia ukimgusa mbavu? Ana wekundu kwenye weupe wa jicho? Mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama huoni kidonda, na mweleze yote uliyosikia. Usimpe dawa za maumivu za binadamu. Ibuprofen, kwa mfano, huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Kisha simamisha mafunzo yote kwa wiki moja au mbili. Asiambiwe akae, alale wala aje. Mpe kona moja isiyo na kelele, kibanda au boksi lenye blanketi, na iwe sheria ya nyumba kwamba akiwa humo hakuna anayeingiza mkono. Mtoto wa mbwa hulala zaidi ya nusu ya siku, na aliyetishwa anahitaji usingizi huo zaidi. Chakula kije saa zilezile, mahali palepale. Alikotoka hakujua pigo lingekuja lini, kwa hiyo ratiba isiyobadilika ndiyo inayoanza kumtuliza.

Chini ya gari msimtoe kwa nguvu. Mume wako akae chini, mita kadhaa kutoka hapo, ubavu ukimwelekea, bila kumkazia macho. Awe na omena wakavu, waliooshwa mchanga, au vipande vya maini vilivyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Arushe kimoja kimoja, na avirushe nyuma ya mbwa, si katikati yao. Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema: wanamvuta kwa chakula hadi karibu na mtu anayemwogopa, papi anafika kwa njaa, anainua kichwa, anakuta mkono wa mtu umemfikia. Siku ya pili anashuku hata chakula. Ukirusha nyuma yake, anapata chakula na nafasi kwa pamoja. Baada ya siku chache utamwona akirudi mwenyewe kuchungulia. Hapo mume wako asinyooshe mkono. Aendelee kurusha tu.

Akija kunusa, aguswe kifuani au begani, kutoka chini. Mkono unaoshuka juu ya kichwa chake ndio aliouona ukimpiga. Mguse kwa sekunde mbili au tatu, kisha uache. Akisogea karibu, endelea. Akigeuza uso, akilamba pua au akipiga miayo ilhali hana usingizi, amekuomba uache, naye aheshimiwe.

Kamba ina kazi yake peke yake. Iwekeni chini, mbali kiasi kwamba anaiona lakini bado anakula. Mpangilio ni huu: kamba ionekane kwanza, chakula kifuate, kisha kamba iondoke na chakula kikome. Mkigeuza mkaanza na chakula, chakula kitakuwa ishara kwamba kamba inakuja. Siku nyingine ishikwe mkononi, bado mbali. Baadaye sana ifungwe kwenye hanesi, ile mikanda ya kifuani na mgongoni, kwa sekunde chache tu, ndani ya ua. Shingo yake muiache ipumzike. Akikataa maini aliyoyapenda jana, mmesogea karibu mno. Rudini nyuma hatua moja bila kumkaripia.

Na ule mkojo si ukaidi wala si ukosefu wa adabu. Ni jinsi mbwa mdogo anavyosema, "Sina nguvu, usiniumize." Ukimgombeza atakojoa zaidi. Pangusa, geuka, nenda zako. Akija kujibanza kwako kwa woga, mliwaze tu. Si kweli kwamba kumbembeleza mbwa mwenye hofu kunamfunza kuogopa.

Papi wangu hakuwahi kuninguruma. Sasa nikishika kola yake ananguruma. Mkufunzi ananiambia nimlaze chali, nimkandamize mpaka atulie, ajue nani mkubwa. Nifanye hivyo? (Kijana, Mamboleo, Kisumu)

Hapana, ndugu yangu, usifanye hivyo hata mara moja. Mbwa anayekandamizwa mpaka akanyamaza hajatulia. Amekata tamaa. Mngurumo wake ni onyo, nawe unapaswa kushukuru kwamba bado anakuonya. Ukimpiga kwa kunguruma, hofu inabaki palepale na onyo linaondoka, na siku moja atauma bila kutoa sauti.

Hilo la "nani mkubwa" lina historia. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwamwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Waligombania ukubwa, na watu wakachukua picha hiyo wakaibandika kwa mbwa wa nyumbani. Mwaka 1999 David Mech, Mmarekani aliyewachunguza mbwamwitu porini kwa miaka mingi, alieleza kwamba kundi la porini kwa kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Wanaongoza kwa sababu wao ni wazazi. Mkufunzi anayekulazia papi chali leo anafuata jambo lililosahihishwa zamani.

Kuhusu kola: ivue kwa sasa ndani ya ua, mradi geti limefungwa. Kisha gusa shingo kwa kidole, mpe omena. Gusa, mpe. Akiona kidole anageuka kutafuta omena, ndipo ushike kola kidogo, bila kuivuta.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nataka mbwa wa kulinda boma, na wezi hapa hawana mchezo. Asipoonja kiboko akiwa mdogo, atakuwa mkali lini? (Mzee, Kakamega)

Mzee wangu, heshima zangu. Methali yako ni ya kweli kuhusu umri. Mtoto wa mbwa hufunguka kwa dunia kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 hivi, na anachokutana nacho wakati huo hukaa naye kwa miaka. Ndiyo sababu kiboko cha umri huo kinadhuru sana. Ukimkunja kwa kipigo, atabaki amekunjwa hivyo.

Mbwa aliyeogofywa hubweka kila kitu: mgeni, kuku, bodaboda, upepo. Baada ya mwezi mmoja hakuna anayeamka kumsikiliza, kwa hiyo mwizi anafaidika. Mwenye fimbo akisogea, mbwa huyo hukimbilia nyuma ya nyumba. Mara nyingi anayeumwa ni mjukuu aliyempita akiwa amelala, au mama anayeleta maziwa asubuhi. Ule ubao wa "Mbwa Kali" getini haukulindi wewe dhidi ya mbwa wako mwenyewe.

Mlinzi mzuri ni mbwa anayejua yaliyo ya kawaida bomani na kuwaamini watu wake, ili lisilo la kawaida limshtue na aje kukuita. Mwaka 2020 watafiti nchini Ureno walichapisha uchunguzi wa mbwa 92 kutoka shule za mafunzo. Waliofunzwa kwa ukali walionyesha dalili nyingi zaidi za mfadhaiko, na homoni ya mfadhaiko kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya somo, kuliko wale waliofunzwa kwa zawadi. Mbwa mwenye mfadhaiko hafikiri vizuri, nawe unataka mlinzi anayefikiri.

Mkufunzi anasema yote hayo ni kawaida. Je, sheria inasema lolote? Na mwingine nitamjuaje? (Msomaji, Njoro)

Sheria ipo. Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inayozuia ukatili kwa wanyama, inataja kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke na kumtesa, na inataja pia kumtia hofu. Chukua maelezo ya daktari yaliyoandikwa, picha zenye tarehe na majina ya walioshuhudia, kisha upige ripoti polisi. Ofisi ya mifugo ya kaunti nayo iarifiwe. Naomba usinyamaze, maana kuna mbwa wengine waliobaki pale.

Kumchagua mwingine hakuhitaji mengi. Mwombe uketi utazame somo zima, ukiwa na mbwa wako mkononi. Akikataa, ondoka. Akikubali, watazame mbwa na si yeye: mikia iko wapi, je, wanamkaribia kwa hiari? Kisha muulize: "Mbwa akikosea, unafanya nini?" Jibu zuri ni kwamba anarahisisha zoezi. Ukisikia kiboko, mnyororo wa kukaba au kola ya umeme (Wales iliipiga marufuku tangu 2010), mrudishe papi nyumbani.

Tuna watoto wa miaka mitatu na sita. Je, papi huyu aliyepigwa ni hatari kwao? (Baba, Nakuru)

Anaweza kuwa, kwa sasa. Wasiachwe naye peke yao hata dakika moja, wasimfuate kwenye kona yake, wala wasimkumbatie. Wa miaka sita anaweza kurusha omena akiwa amekaa pembeni yako. Wa miaka mitatu atazame tu.

Hakikisha papi amechanjwa kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, na chanjo irudiwe kila mwaka. Mtoto akiumwa, hata mkwaruzo, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Atapona baada ya muda gani? (Wengi mmeuliza)

Wengine hurudi kucheza baada ya wiki chache, wengine huchukua miezi, na kuna atakayebaki na jambo moja analoliogopa maishani. Usihesabu siku. Tazama anavyokula, anavyolala, anavyocheza. Tegemea pia kwamba kati ya miezi sita na mwaka na kitu, akibalehe, hofu inaweza kurudi kwa muda. Rudia hatua za mwanzo. Ikiwa hali chakula kabisa, anajiuma mkia, au wiki zinapita bila badiliko lolote, rudi kwa daktari, kwani zipo dawa za kupunguza hofu zinazosaidia mafunzo yashike.

Alifunzwa "Sit!" kwa kipigo, na jina lake akilisikia anatetemeka. Nimbadilishie? (Dada, Kisumu)

Mbadilishie yote mawili. Maneno hayo kwake yana kiboko ndani. Badala ya "Sit" tumia "kaa" au "bed piny" ("kaa chini" kwa Kijaluo), lolote lisilofanana na lile la zamani, kwa sauti ya chini. Jina jipya liwe fupi, na kwa wiki za kwanza lisitumike kumkaripia, kumwogesha wala kumfungia. Liite mara moja, mpe omena, mwache aende zake.