Jua la Paje halizami baharini

SWALI: Assalaam alaikum dada. Mimi ni msichana wa Fuoni, Unguja, naolewa mfungo mosi inshaallah. Ndoa itafungwa msikitini baada ya sala ya alasiri, kisha mume aje nyumbani kutia mkono. Yeye anataka hapo hapo tuondoke twende Paje, tukapigwe picha jua linazama. Mama kasema picha za pwani hazitaki, na mpigapicha mwanamme haingii ndani kwake. Niko katikati yao. Nishauri.

JIBU: Waalaikum salaam mdogo wangu, na hongera.

Paje iko mashariki. Jua pale hutoka baharini. Jioni linajiendea nyuma ya minazi, na kabla halijazama ufukwe ushaingia kivuli. Sasa tazama saa. Alasiri husaliwa karibu na saa 10. Mpaka ndoa ifungwe, dua isomwe, watu wale halua na wanywe kahawa, bwana harusi hafiki kwenu kabla ya saa 11. Jua letu mwaka mzima huzama baina ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 45. Fuoni mpaka Paje ni mwendo wa karibu saa nzima kwa gari. Na likizama tu, magharibi ishaadhiniwa.

Mimi nilikubali safari kama hiyo mwaka wangu wa pili katika kazi hii ya kupiga picha za harusi. Tulimtoa bibi harusi ndani mbio mbio, hakukaa na mama yake hata dakika tano. Njiani tukakwama nyuma ya lori la mchanga, tukafika giza. Nikapiga kwa flashi: watu wawili weupe pe, nyuma yao weusi mtupu. Wiki mbili baadaye mama mtu alikuja kuchukua albamu. Akaifungua kwa taratibu, ukurasa baada ya ukurasa mpaka wa mwisho, kisha akaniuliza, "Na mimi na mwanangu iko wapi?" Sikuwa nayo. Tangu siku ile, saa inayofuata kutia mkono naifanyia kazi ndani ya nyumba, na watu wa nyumba ile.

Kutia mkono kwenyewe hakuzidi dakika mbili. Mume anaingia, anaweka mkono kichwani kwa mkewe, anasoma dua, basi. Usiwachie mambo yajipange yenyewe. Mwambie somo wako, yule mwanamke anayekufunda, akukalishe ubavu wako mmoja ukielekea dirisha au mlango uliofunguliwa, na tubelaiti izimwe. Ile taa huifanya ngozi kuwa ya kijani na hina kuonekana kama tope. Hina nayo ipakwe siku mbili kabla. Ikibanduliwa tu huwa rangi ya chungwa, hukolea siku ya pili. Kikuba chako cha asumini kipigwe picha mwanzo kabisa. Asumini usiku hunukia vizuri zaidi, lakini kingo zake zishaanza kugeuka kahawia, na kamera inaziona.

Kwa mama yako, nasimama naye. Wapigapicha wanawake wapo Unguja, muulizie mapema maana mfungo mosi harusi zinafuatana. Lakini kuna swali ambalo familia nyingi hazilifikirii: picha akishazipiga huyo mwanamke, nani anakaa kwenye kompyuta kuzitengeneza? Mara nyingi ni kijana wa kiume dukani. Umekaa kichwa wazi mbele ya mwanamke, na kesho yake mwanamme asiyekujua anakutazama uso mzima kwenye kioo. Uliza hilo kabla hujatoa arubuni. Zitengenezwe na yeye mwenyewe, zichapishwe naye akiwa amesimama pale pale, na mwandikiane kuwa hakuna hata moja itakayowekwa mtandaoni. Simu za wageni zitiwe kwenye kikapu mlangoni, na anayekishika awe shangazi mkali. Nimeona wapigapicha waaminifu kabisa wakilaumiwa kwa picha iliyovujishwa na simu ya jirani.

Mume wako usimnyime bahari yake. Mwambie iwe ndani ya fungate, siku mtakayochagua wenyewe, tena asubuhi. Lalani huko huko, saa 12 muwe ufukweni, jua litoke mbele yenu. Angalieni mwezi kwanza. Mwezi mwandamo na siku ya 15 ya mwezi ni bamvua: maji hujaa alfajiri na hupwa sana kufikia saa 4 asubuhi, kwa hiyo mkichelewa mtakuta mchanga, mwani na vijiti vyake, bahari iko mbali kule. Siku ya 7 au 8 ya mwezi ni maji mafu, bahari haiendi mbali, hamna haraka. Na kama moyo wake uko kwenye jua la kuzama, jioni moja mpeleke Shangani, Mji Mkongwe. Pale ni magharibi, na kwenu ni karibu.

SWALI: Kaka yangu anaoa, mimi nitampiga kwa simu wakati anatoka kwenda msikitini. Nikijaribu, kanzu inang'ara na uso unakuwa mweusi. Kijana wa Chake Chake.

JIBU: Umempiga juani, mdogo wangu. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye kioo, simu inadhani mwanga umezidi na inapunguza kila kitu, uso pamoja nao. Mrudishe barazani, chini ya paa, uso wake uelekee nje. Gusa uso kwenye kioo, kisha vuta alama ya jua juu kidogo tu, mpaka uone macho yake na bado uione mishono ya kanzu shingoni. Mishono ikipotea, rudisha chini. Mpige kabla hajavaa viatu, maana akishavivaa hatasimama tena.