Kazi hazijapotea, zimehamia steshenari

Wiki hii mmetuuliza wasomaji wenu: je, simu na kompyuta zinatunyang'anya kazi? Kwa hapa Morogoro jibu ni jepesi, hapana. Pita nyuma ya stendi ya Msamvu uone vibanda vya steshenari vilivyojaa. Kilichonikera ni yale maneno mliyoongeza chini ya swali, eti siku hizi mwananchi "anajihudumia mwenyewe kiganjani". Mwananchi yupi huyo?

Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB, mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili, mtandaoni. Namba ya mlipakodi (TIN), leseni ya biashara, hivyo hivyo. Anayejaza ni kijana wa steshenari, kwa buku mbili tatu, na wewe umekaa kwenye benchi unamtajia namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20, foleni nzima ikisikia.

Binti wa dada yangu alisomea serikali za mitaa chuo cha Hombolo. Zilipotangazwa nafasi za watendaji wa vijiji akaenda kwa kijana wetu amfungulie akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa kuombea kazi serikalini. Binti wakati huo alikuwa na kitochi tu, basi kijana akatengeneza barua pepe yeye, paswedi akatunga yeye, na namba ya simu akaweka ya kwake. Vyote vikaandikwa kwenye kaunta buku lake, pamoja na vya nusu ya mtaa.

Ikapita miezi. Jioni moja jina la binti likaonekana kwenye orodha ya walioitwa usaili, ile PDF inayozunguka WhatsApp. Vigelegele! Halafu tukasoma masharti: kila msailiwa anakili namba yake ya usaili kwenye akaunti yake, siku yenyewe haitatolewa. Mbio hadi kibandani. Kufuli. Kijana kaenda Ifakara kwenye mpunga, na kaunta buku kaenda nalo. Muuza vocha wa jirani akajaribu pale pa "umesahau paswedi" ya barua pepe, tarakimu za uthibitisho zikatumwa kwa kijana huko shambani, naye hapatikani. Dada yangu akaanza kumlaani, nami nikamsaidia. Ikabidi tumtafute mama yake, anauza vitumbua Mafiga, naye akampigia dereva wa bodaboda wa huko amfuate. Usiku kijana akapiga, kasimama juu ya kichuguu maana ndiko mtandao unakoshika. "Shikamoo mama. Mwambie dada aandike haraka, hizi namba zinaisha muda." Zikaisha muda. Tukaomba nyingine, mtandao ukakata katikati ya kusomewa. Akaunti ilipofunguka binti aliandika ile namba kwenye kiganja, karatasi hakuna aliyeikumbuka. Kazi yenyewe hakupata, lakini hilo halimhusu kijana.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema vibanda hivi vibanwe. Ni wale waandishi wa barua wa nje ya posta wamerudi, ila mwandishi wa barua hakuondoka na ufunguo wa nyumba yako. Sasa najiuliza, nani mwingine alitushika mkono? Ofisini ukiuliza unajibiwa "ingia kwenye mfumo", basi. Yule kijana anajua picha ipunguzwe kiasi gani ndipo ikubalike, anajua wiki ya mwisho ya maombi usihangaike mchana, uje saa nane usiku mfumo ukiwa umepumua. Hakufundishwa na mtu. Ni ujuzi adimu, hauna cheti, na ndio unaoendesha mtaa mzima. Hata binti naye siku hizi ana simu janja, anawajazia jirani fomu kwa malipo, na dada yangu anatamba kwamba mwanawe kaajiriwa.

Kwa hiyo vibanda vibaki. Nasema hivyo shingo upande, maana wenye watoto chuoni wana visa vibaya kuliko changu, na mtu akiniambia mkopo wa mwanawe ulikwama kwa sababu ya kaunta buku sitabishana naye. Halmashauri nazo ziweke mtu dirishani, wa kumwelekeza mwananchi ajaze kwa mkono wake. Na wanaofunguliwa barua pepe leo wadai iwekwe namba yao wenyewe. Zile tarakimu huja kwa ujumbe mfupi wa kawaida, na kwenye kitochi zinaingia vilevile. Hilo hatukuambiwa na mtu, si ofisini wala kibandani.