Re: Mahindi yamekauka katikati ya kurekodi, niache filamu?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: ulianza kumfuata mkulima mmoja kule Kilosa, ukapanga kufunga filamu kwa mavuno, mvua zikakata mahindi yakiwa magotini, na sasa una picha za miezi minne zisizo na mwisho.

Usiache. Mimi yalinikuta nikimrekodi mzee mmoja mkulima wa mpunga, nikafungasha kamera nikarudi mjini kusubiri msimu mwingine. Kosa kubwa. Miezi ile niliyokuwa sipo ndiyo mzee aliuza mbuzi, mwanawe akaenda kuendesha bodaboda, shamba likakodishwa. Hadithi yote ikapita mimi nipo Dar nakunywa chai.

Kwa hiyo kabla hujawaza mvua, kaa na familia bila kamera uwaulize kama bado wanataka kurekodiwa. Mtu aliyekubali shamba likiwa la kijani anaweza kuona aibu sasa. Akikataa, imeisha hiyo. Akikubali, rekodi wanavyoishi: nani anakopwa, unga unanunuliwa wapi, wanabishana nini kuhusu kupanda mtama badala ya mahindi.

Angalia pia tarehe ya kibali chako cha Bodi ya Filamu, maana msimu ukirefuka kinaweza kukuishia. Na nakili kila kitu kwenye diski mbili, zikae nyumba tofauti (yangu moja ilinyeshewa).

Ile sauti ya upepo kwenye rekodi zako uliyolalamikia, siwezi kusema bila kuisikia. Weka kipande hapa.