Fuwele za mentholi kwa mtoto mwenye mafua

Dada, umeuliza kama unaweza kuyeyusha fuwele za mentholi, ile inayotokana na mafuta ya mnanaa, katika mafuta ya nazi umpake mwanao wa miezi 8 mwenye mafua. Nakushauri usifanye hivyo, kwani harufu yake kali ikikaribia pua ya mtoto mchanga inaweza kumbana koo akashindwa kupumua. Mpeleke kituo cha afya. Tena mentholi haizibui pua: huamsha tu neva zinazohisi baridi, ndiyo maana hata ngozi yenye joto huiona imepoa. Kwa misuli ya mtu mzima inafaa, na mafuta ya vuguvugu yatatosha, maana fuwele huyeyuka kwenye nyuzi 42 hivi za Selsiasi.