Kusoma na kufuta namba za hitilafu kwenye Toyota za miaka ya 1990: ushauri kwa wanaoanza

Ikiwa unajifunzia ufundi kwenye Corolla au Carina ya miaka ya 1990 iliyoagizwa kutoka Japani, huenda umeshanunua kifaa kidogo cha kupimia kinachoungana na simu, ukakosa hata mahali pa kukichomeka. Kifaa hicho hufuata OBD2, utaratibu wa pamoja wa kusoma hitilafu za magari, ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na ambao magari mengi ya soko la Japani ya wakati huo hayakufungwa nao. Gari lako lina njia yake ya kueleza hitilafu: taa ya injini iliyo kwenye dashibodi.

Fungua boneti utafute kisanduku cha plastiki ambacho kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Upande wa ndani wa kifuniko hicho umechorwa matundu pamoja na majina yake, na unayoyahitaji ni TE1 na E1. Hakikisha betri ina angalau volti 11, gia iko huru, AC imezimwa na hakuna anayekanyaga mafuta. Kisha unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, na ugeuze ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Soma majina mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa kuwa ndani ya kisanduku hicho hicho kuna tundu la +B, na ukiliunganisha na E1 utapiga shoti.

Taa ikimetameta mfululizo kwa mwendo usiobadilika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatulia kidogo, ikameta tena mara mbili, hiyo ni 22. Zikiwa namba kadhaa, huanza ndogo na kufuatiwa na kubwa, zikitenganishwa na kimya kirefu zaidi, kisha zote hurudiwa. Ziandike kwenye karatasi na usubiri zirudiwe mara mbili zaidi ili ujihakikishie. Namba 51 isikutishe, kwani hujitokeza hata kwa sababu ya AC iliyoachwa ikiwaka au mguu uliokanyaga mafuta.

Jambo ambalo ningependa mwanafunzi alishike kuliko yote ni hili: namba hutaja njia ya umeme, haitaji kifaa kilichoharibika. Gari langu lilikuwa gumu kuwaka asubuhi, lakini likishapata moto lilikwenda bila shida. Lilitoa 22, yaani njia ya sensa (kipima-hali) ya joto la maji ya injini, nami nikanunua sensa siku ile ile. Namba ilirudi. Nilipochukua mita ya umeme ndipo nilipoona kwamba sensa ya zamani ilikuwa nzima, ikisoma ukinzani wa kati ya kilo-omu 2 na 3 ikiwa baridi na kushuka kama ipasavyo ilipopata joto. Kilichokatika ni waya, sentimita chache tu kutoka kwenye soketi, ndani ya ganda lililoonekana zima. Kompyuta ya injini ikikosa taarifa ya sensa hiyo huchukulia kwamba maji yana nyuzi 80, kwa hiyo haiongezi mafuta ya kuwashia injini iliyo baridi, na ndiyo maana shida ilikuwa ya asubuhi tu. Tangu hapo mimi huanza na soketi, kisha waya, kisha ethi (muunganiko wa waya na bodi ya gari), na sensa huwa ya mwisho. Angalia pia usichanganye sensa hiyo na ile ya waya mmoja inayoendesha geji ya joto kwenye dashibodi.

Kufuta ni rahisi, na kwa sababu hiyo wengi hufuta mapema mno. Zima ufunguo, toa fyuzi iliyoandikwa EFI (ya mfumo wa mafuta) kwa nusu dakika, irudishe. Ni bora kuliko kuchomoa betri, ambako hupoteza saa na stesheni za redio. Usifute kabla ya kuandika namba, wala kabla ya kurekebisha, na usikubali kufutiwa na mtu anayekuuzia gari kisha akakuonyesha taa iliyozimika.

Baada ya kufuta, ondoa waya uliounganisha TE1 na E1, endesha mpaka injini ipate moto kamili, upande mlima mmoja na uende mwendo wa barabara kuu kwa muda, kwa sababu baadhi ya namba, kama 21 ya sensa ya oksijeni, hazirudi injini ikiwa baridi. Kisha unganisha TE1 na E1 tena, usome upya.